Kutoka Wavu hadi Ukurasa

Kwenye pwani ya mashariki ya Unguja, maji yakipwa huonekana mashimo yaliyowekewa mawe juu yake. Ndani yamefukiwa makumbi ya nazi. Hukaa humo miezi kadhaa, bahari ikijaa na kupwa juu yake, mpaka kile kinachozishikamanisha nyuzi kioze na kulegea. Ndipo wanawake huyafukua, huyaponda kwa gongo, huyasuuza na kuyaanika. Usumba unaobaki husokotwa kwa viganja kuwa kamba. Kuloweka, kuponda, kusuuza, kuanika: anayezijua hatua hizo nne anajua zaidi ya nusu ya kazi ya kutengeneza karatasi, hata kama hajawahi kuiona ikitengenezwa.

Tumezoea kuisimulia historia ya karatasi kama sehemu ya historia ya maandishi, yenye wafalme, vitabu vitakatifu na mitambo ya kuchapia. Mimi naipenda zaidi kwa upande wa mikono iliyolowa. Kwa upande huo, karatasi haianzi na kalamu. Ni ndugu wa kamba, wa wavu, wa mkeka na wa kitambaa, tena ndugu mdogo, aliyezaliwa na mabaki ya wakubwa zake.

Kumbukumbu za China zenyewe zinasema hivyo. Mwaka 105, Cai Lun, towashi aliyesimamia karakana za ikulu katika nasaba ya Han, alimpelekea mfalme taarifa ya namna ya kutengeneza karatasi. Malighafi zilizotajwa ni magome ya miti, nyuzi za mmea wa bangi ambao tangu kale ulilimwa kwa ajili ya kamba, matambara, na nyavu kuukuu za kuvulia samaki. Hilo la nyavu hunigusa kila ninapolisoma. Mvuvi wa Pangani au wa Kizingitini angeelewa mara moja: wavu uliochoka una nyuzi zilizokwisha kulowa, kusuguliwa na kulainishwa kwa miaka, na nusu ya kazi imeshafanywa na bahari. Cai Lun hakuwa wa kwanza kabisa, kwani mwaka 1986 huko Fangmatan, magharibi ya China, wachimbuaji walipata kipande cha karatasi chenye mistari ya ramani kilichotangulia zama zake kwa karne mbili au zaidi. Alichofanya ni kuuchukua ujuzi uliokuwa mikononi mwa mafundi wasio na majina, kuuboresha na kuufanya kazi ya serikali.

Siri yenyewe ni rahisi kuieleza na ngumu kuitenda. Nyuzi za mmea zikipondwa sana ndani ya maji, ngozi yake ya nje huchanika na kutoa vinyweleo vidogo mno. Ukizitia kwenye pipa la maji mengi, huelea kama uji mwepesi. Chovya humo fremu yenye chekecheke, iinue ikiwa bapa, itikise kidogo mbele na nyuma, kushoto na kulia. Maji hupita, nyuzi hubaki, zimelaliana kila upande. Zinapokauka hushikana zenyewe, maana selulosi ya uzi mmoja huvutana na ya mwenzake maji yanapoondoka kati yao. Hakuna gundi inayoishikisha. Ndiyo maana mafunjo ya Wamisri, pamoja na ukongwe wake wote, si karatasi kwa maana hii: vipande vya shina hulazwa sambamba, vingine hulazwa juu yake kwa kukingama, kisha hukandamizwa. Mafunjo yana undugu wa karibu zaidi na mkeka.

Kutoka China ujuzi ulikwenda Korea na Japani, na Wajapani waliongeza jambo ambalo mpishi wa pwani atalifurahia. Ndani ya pipa hutia utelezi unaotoka kwenye mizizi ya mmea wa jamii ya bamia. Utelezi huo huyachelewesha maji, nyuzi hazizami wala hazikusanyiki madonge, na fundi hupata nafasi ya kuchovya na kumwaga mara nyingi mpaka karatasi iwe nyembamba kama ngozi ya kitunguu lakini isichanike kirahisi. Mwaka 2009 UNESCO iliitambua karatasi ya Sekishu-Banshi, ya mkoa wa Shimane, kuwa urithi wa binadamu wote.

Upande wa magharibi safari ilipitia Samarkand. Al-Tha'alibi, aliyeandika karibu karne tatu baada ya tukio, anasimulia kuwa mafundi wa Kichina waliotekwa kwenye vita vya Talas mwaka 751 ndio waliowafundisha watu wa Samarkand. Wanahistoria wa leo wanaitilia shaka hadithi hiyo, kwa sababu karatasi ilikwishatumika Asia ya Kati kabla ya vita, ikibebwa na wachuuzi na watawa wa Kibudha. Kwangu mimi hadithi hiyo ina ukweli wake hata kama vita havihusiki: ujuzi huu haukusafiri kwa maandishi. Ulisafiri ndani ya watu, na ulipofika penye mimea tofauti, mikono ilibidi ijifunze upya. Huko hapakuwa na magome waliyoyazoea Wachina, basi wakaponda matambara ya kitani na kamba kuukuu. Kiswahili kimeihifadhi njia hiyo bila sisi kuona: kitani tuvaacho, na katani tunayoisokotea kamba, ni neno moja la Kiarabu lililotufikia kwa sura mbili.

Kabla karne ya 8 haijaisha karatasi ilikuwa ikitengenezwa Baghdad. Al-Ya'qubi, katika karne ya 9, alihesabu zaidi ya maduka 100 ya warraqin mjini humo. Neno hilo halina tafsiri moja. Warraq aliuza karatasi, alinakili vitabu kwa malipo, alivijalidi na kuviuza. Duka lake lilikuwa karakana, maktaba na baraza kwa wakati mmoja. Ibn al-Nadim, aliyeandika Fihrist mwaka 987, orodha kubwa ya vitabu vyote vya Kiarabu alivyovijua, alikuwa mtu wa biashara hiyo. Alivijua vitabu kwa kuvishika.

Kutoka Afrika ya Kaskazini, katika karne iliyofuata, kuna kitabu ambacho ningependa kila fundi wetu akisome. Kinaitwa Umdat al-Kuttab, nacho kinanasibishwa na al-Mu'izz ibn Badis, mtawala wa nchi ambayo leo ni Tunisia. Kinafundisha kuchonga kalamu, kupika wino wa masizi na wa rangi, kutengeneza karatasi na kujalidi kitabu, na kinaongea na mtu mwenye vifaa mbele yake. Nyuzi zilowekwe kwenye maji ya chokaa, zifikichwe kwa mikono, zianikwe juani, zirudishwe kwenye chokaa, tena na tena. Kisha zisuuzwe, zipondwe kinuni mpaka ziwe laini, zimiminwe kwenye kalibu, na karatasi ikikauka ipakwe wanga ili wino usitambae. Kalibu hiyo husukwa kwa matete kama kikapu. Kwa hiyo aliyetaka kuwa fundi wa karatasi alihitaji kwanza msusi.

Maneno ya karakana hizo ndiyo tunayoyatumia mpaka leo: kitabu, kalamu, karatasi, juzuu. Jalada linatokana na jild, ngozi, na kujalidi kitabu ni kukivisha ngozi. Hata anayefunga daftari kwa kadibodi na gundi, akisema anatia jalada, anataja ngozi ya mbuzi bila kujua.

Ufundi wa kujalidi una ukoo wake, na ukoo huo una mizizi mirefu barani Afrika. Mwaka 1945, karibu na Nag Hammadi nchini Misri, wanakijiji walichimbua mtungi wenye vitabu 13 vya mafunjo vya karne ya 4, vikiwa na majalada yake ya ngozi. Ni miongoni mwa majalada makongwe zaidi tuliyonayo. Wakristo wa Misri, yaani Wakopti, waliendeleza mshono wa mnyororo: kurasa hukunjwa katika vitita, sindano huingia katikati ya kitita, hutoka, hupita chini ya mshono wa kitita kilichotangulia, hurudi ndani. Uzi mmoja hushika kitabu kizima, na kitabu hufunguka bapa kama mkeka. Waislamu waliurithi mshono huo na kuongeza ulimi, kile kipande cha jalada kinachofunika ukingo wa mbele na kuzilinda kurasa. Ethiopia nayo iliushika na haikuuacha. Injili za Garima, zinazotunzwa katika monasteri karibu na Adwa, zimepimwa na kuonekana kuwa za kati ya karne ya 4 na ya 7, na mafundi wa Ethiopia bado wanatoboa mbao, wanapitisha uzi na kukifunga kitabu kwa namna ambayo mhenga wao angeitambua.

Mbao zilizotobolewa na kushonwa: hapo huwezi kuacha kuufikiria mtepe, chombo cha kushonwa cha pwani yetu. Mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1, Periplus, unasema kuwa soko la mwisho la pwani yetu liliitwa Rhapta kutokana na vyombo vyake vilivyoshonwa. Kwa karibu miaka 2000 watu wa pwani na majirani zao wa baharini waliunganisha mbao za vyombo kwa kamba za kumbi badala ya misumari, na mitepe ya mwisho ilionekana mwanzoni mwa karne ya 20. Fundi wa mtepe na fundi wa kitabu cha Kihabeshi walikabiliwa na swali moja, namna ya kushikanisha vitu vigumu kwa kitu laini ili kazi nzima ipate kujongea bila kuvunjika, na wote wawili walilijibu kwa tundu na uzi.

Kwa vitabu vya pwani, jina la kutaja ni Siyu. Katika karne ya 18 na ya 19 mji huo mdogo wa kisiwa cha Pate ulisifika kwa wanazuoni wake na kwa mafundi wake wa ngozi, mbao na vitabu. Misahafu ya Siyu inatambulika kwa nakshi za wino mweusi, mwekundu na manjano pembezoni mwa kurasa, zinazokumbusha nakshi za milango na za kuta za plasta za Lamu. Hapo Pate ndipo Bwana Mwengo wa Athumani alipotunga Utendi wa Tambuka mwaka 1728. Ukiinua kurasa za misahafu hiyo kwenye mwanga, utaona kuwa karatasi yenyewe haikuzaliwa Afrika. Ni ya Ulaya.

Yalitokeaje? Mafundi wa Fabriano, mji wa Italia, katika karne ya 13 walifanya mambo matatu. Waliyafanya maji ya mto yainue na kuangusha michi ya kupondea matambara. Wakaacha wanga, wakapaka gundi ya ngozi na kwato, ambayo wadudu na ukungu hawaipendi sana. Wakashona waya wenye umbo kwenye chekecheke, na pale penye waya karatasi ikawa nyembamba zaidi, alama ya mwenye kiwanda ikionekana kwenye mwanga. Karatasi yao ikawa rahisi na imara, na mto ukageuka: waliojifunza kwa Waarabu wakaanza kuwauzia Waarabu. Viwanda vya Venice vilitengeneza karatasi maalumu kwa masoko ya Kiislamu, yenye alama ya hilali tatu, ikabebwa kwa meli na ngamia mpaka ndani ya Afrika. Mnakili wa Kiafrika angeweza kuandika Neno la Mungu juu ya nguo kuukuu za wakulima wa Italia. Siioni kama aibu. Pwani yetu nayo iliwavisha wengine: Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu mwaka 1331, anasema nguo zilizofumwa huko zilipelekwa hadi Misri.

Matambara yalitosha kwa karne tano, kisha yakapungua. Kadiri watu walivyosoma magazeti, ndivyo Ulaya ilivyogombania nguo kuukuu. Mwaka 1799 Mfaransa Louis-Nicolas Robert alipewa hataza ya mashine inayotoa karatasi mfululizo, bila mtu kuchovya fremu. Mwaka 1844 Mjerumani Friedrich Gottlob Keller alifanikiwa kusaga mbao zenyewe. Karatasi ikawa rahisi kuliko wakati wowote, na hilo ni jambo kubwa. Bila hiyo, babu zetu wasingeshika vitabu vya kusomea shuleni. Lakini mbao zina ligini, gundi ya asili inayousimamisha mti, nayo ikikutana na mwanga hugeuka manjano. Wakati huohuo viwanda viliacha gundi ya ngozi na kutumia shabu na ulimbo, mchanganyiko unaoacha asidi ndani ya karatasi. Asidi hukata nyuzi polepole. Shika gazeti la mwaka 1950, kisha shika ukurasa uliotengenezwa kwa matambara mwaka 1500: gazeti litavunjika pembe, ukurasa utapinda na kurudi. Hilo si fumbo la "ya kale ni dhahabu". Ni kemia, na linaonekana kwa macho.

Wapo walioikataa mapema karatasi hiyo ya mashine. Mwingereza William Morris alianzisha Kelmscott Press mwaka 1891 na kuchapa vitabu juu ya karatasi ya kitani iliyotengenezwa kwa mkono. Mmarekani Dard Hunter alikwenda mbali zaidi, akazunguka vijiji vya Asia akiangalia fremu, mapipa na miguu ya watengenezaji, kisha mwaka 1939 akafungua jumba la makumbusho ya karatasi katika chuo cha MIT. Kitabu chake cha mwaka 1943 kuhusu ufundi huu kingali kinawekwa wazi juu ya meza za warsha.

Hata hivyo, kilichouamsha ufundi wa kujalidi duniani ni msiba. Tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika na kuingia Florence. Matope na mafuta ya kupashia nyumba joto yaliingia kwenye Maktaba ya Taifa na kuloweka mamia ya maelfu ya vitabu. Vijana kutoka nchi nyingi walisimama mistari kwenye ngazi, wakipokezana vitabu vinavyochuruzika. Baada yao walikuja mafundi, miongoni mwao Mwingereza Peter Waters, na ikabidi waulize swali ambalo halikuwa limeulizwa kwa uzito: kitabu gani kimesalimika, na kwa nini? Waligundua kwamba vile vyenye majalada mepesi ya ngozi iliyokwanguliwa, vilivyoshonwa bila gundi nyingi mgongoni, vilistahimili kuliko ndugu zao wenye fahari. Mshono ulishinda gundi. Kutokana na matope hayo ikaibuka taaluma ya uhifadhi wa vitabu tunayoijua leo, na mahali pake pa kufundishia ni meza yenye uzi, sindano, msharasi na mfupa wa kukunjia.

Turudi nyumbani kwa njia ya Uganda. Mafundi wa Buganda, wa ukoo wa Ngonge, huchuna gome la mutuba wakati wa mvua, hulilainisha, kisha hulipiga kwa nyundo za mbao zenye mistari ya ukubwa tofauti mpaka litandazike kuwa kitambaa cha rangi ya udongo. Shina hufungwa majani ya mgomba ili lipone, na mti huohuo huvunwa tena. Mutuba ni jamii ya mtini. Ng'ambo ya bahari, San Pablito nchini Mexico, Waotomi nao huchemsha na kupiga magome ya mtini, ila wao hupata karatasi ya amate. Nguo ya mfalme wa Buganda na karatasi ya Mexico ni ndugu wa karibu.

Mexico ilituletea kingine. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge vilivyopitia Florida. Vilivyofika Tanga vikiwa hai vilikuwa 62. Kutokana na hivyo 62 yakaanza mashamba ya Tanga, Korogwe na Morogoro, ambayo kufikia wakati wa uhuru yalikuwa yameiweka Tanganyika mbele ya dunia nzima kwa katani. Jasho la manamba waliotolewa mbali na kwao limo katika kila robota lililopakiwa bandarini, na anayesifia uzi huo asilisahau. Nyuzi za mkonge ni ndefu, nyeupe, zina ligini kidogo, na zikipondwa vizuri hutoa karatasi ngumu ya kudumu. Kumbi la nazi ni kinyume chake: ligini ni nyingi, linafaa bahari kuliko ukurasa. Kwa kamba za mtepe, ugumu huohuo ndio uliotakiwa.

Iringa, tangu mwaka 2003, kituo cha Neema Crafts kimeonesha kinachowezekana. Kilianza na vijana viziwi wachache waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, ambacho si ajabu kama kinavyosikika: tembo hula magome na nyasi, na tumbo lake limeshaanza kazi ambayo Ibn Badis aliipa chokaa. Kinachonivutia zaidi ni namna ya kufundisha. Warsha ya karatasi haihitaji maneno mengi. Mwalimu anachovya, mwanagenzi anatazama kifundo cha mkono, anachovya naye, anakosea, anarudisha rojo pipani. Hakuna karatasi iliyoharibika, kwa kuwa kila kosa hurudi majini. Mtu asiyesikia hapungukiwi chochote hapo. Pengine anaona zaidi.

Ningependa warsha kama hizo ziwe Tanga penye katani, Kisumu penye gugumaji, na Unguja na Lamu penye vitabu vinavyodai kushonwa upya kabla mchwa na unyevu havijamaliza kazi yao. Nazo ziwaite kina mama wanaosuka ukili, si kama wanafunzi tu. Anayeshona mkeka huunganisha mkanda kwa mkanda kwa mshono usioonekana, na mvutano wa uzi anaujua kidoleni. Mjalidi wa Florence alihitaji miaka kuupata.

Siku ya kwanza katika warsha mikono hulowa hadi kwenye viwiko, na karatasi za mwanzo huwa nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine. Hulazwa juu ya vitambaa, hukandamizwa chini ya mbao na mawe, hubandikwa ukutani. Asubuhi zimekauka. Inua moja dirishani, na nyuzi zote zinaonekana, ndefu na fupi, zimepita huku na kule kama usumba ulioanikwa mchangani, kabla mtu hajaketi kuusokota.